Jibu Lililotangulia Wito

Siku hiyo jibu lilitangulia wito, na hapo ndipo Mama Filimbi alipopaswa kusimama. Hakusimama. Alikuwa na wageni watano kwenye kamba, ukungu umeshuka mpaka huoni magoti yako, na tumboni hana kitu tangu asubuhi. Mtu wa namna hiyo akisikia sauti anayoingojea, ataanza kuuliza kwa nini imewahi? Majuto ni mjukuu, jamani, huja kinyume.

Lakini twende taratibu, tusije tukateleza.

Mama Filimbi alikuwa mwongoza watalii kwenye ziwa lile la mlimani, lile la maji ya kijani ambalo kila mtu amewahi kuliona kwenye kalenda hata kama hajui liko wapi. Nyuma yake vilele vitatu vyeupe, mbele yake maegesho ya magari, kibanda cha chai, mashua za kukodi, na watu wanaojipiga picha huku wameupa mgongo uzuri waliosafiri kuja kuutazama. Kazi yake ilikuwa kuwazungusha wageni ziwa asubuhi, halafu wenye mapafu anawapandisha mpaka ukingo wa ile barafu ya milele, waiguse, wapige mayowe, warudi chini wakanywe chai. Filimbi ilikuwa shingoni mwake miaka kumi na moja, na ndiyo iliyompa jina.

Mumewe alikuwa mtu wa nyuma. Katika kazi ile anayetembea wa mwisho huitwa Mkia, naye aliitwa hivyo hata na wakata tiketi. "Wewe kichwa, mimi mkia," alikuwa akimtania mkewe, "na hapo katikati ndiyo riziki yetu, usiidondoshe." Jina lake la kuzaliwa hakulitumia kazini, wala mkewe hakutumia lake. Wazee wa kazi walikuwa wamewafundisha kwamba majina ya nyumbani huachwa kwenye maegesho, pamoja na funguo za gari. Hakuna aliyewaambia sababu, na wao waliichukulia kama utani wa wazee.

Kwenye barafu kichwa hageuki nyuma. Macho yake yako mbele, anatafuta nyufa, na akigeuka hovyo anawavuta walio kwenye kamba. Kwa hiyo Mama Filimbi aliwahesabu watu wake kwa sikio. Kila baada ya kipande kibaya alipaza sauti, "Watu wangu?" Mkia akiwa ameona kila mgongo mbele yake aliitikia, "Wote, mama!" Naye akafunga hesabu: "Haya, tushuke." Maneno hayo waliyazoea mno mpaka yakaingia nyumbani. Binti yao wa miaka sita, waliyempachika jina la Chiriku kwa vile mdomo wake haupoi, aliyageuza mchezo. Mama akirudi jioni anasimama langoni, anaita "Watu wangu?" na mtoto anachomoka mbio popote alipo, "Wote, mama!" Kisha mama anamalizia, "Haya, tule." Bila hilo Chiriku hali.

Sasa basi. Siku hiyo wageni walikuwa bwana na bibi harusi wapya, dada wawili waliocheka kila jiwe, na mwalimu mstaafu mwenye kofia ya sufi nyekundu na maswali elfu. Walifika ukingoni salama, wakaishika barafu, wakapiga mayowe yao. Wakati wa kugeuza ukungu ukaanguka ghafla. Mama Filimbi akawapanga kwenye kamba, akaanza kuwashusha hatua kwa hatua. Walipovuka ule ufa mkubwa wenye pete ya chuma iliyogongomewa mwambani, alihisi kamba imelegea kidogo nyuma. Akavuta pumzi aite.

"Wote, mama!"

Alikuwa hajafungua mdomo.

Akasita. Ilikuwa sauti ya mumewe, hana shaka, ile yenye mkwaruzo wa mtu aliyeacha sigara akiwa amechelewa. Akajiambia labda ameita bila kujisikia, uchovu una mambo yake. "Haya, tushuke," akasema, na wakashuka.

Kwenye kibanda cha chai, ilipofika saa tisa alasiri, jua lilikuwa limerudi huku chini na wageni wamejipanga kwenye benchi wakipuliza vikombe. Mama Filimbi akawahesabu kwa macho. Watano, na mumewe sita, amekaa mwisho wa benchi na ncha ya kamba mkononi. Haikuwa imefungwa kwenye mkanda wake. Ameishika tu, nayo inachuruzika maji.

"Mkia," Mwalimu akamwuliza, "kofia yangu uliipata? Ilipeperuka pale kwenye ufa, ukajifungua kamba ukaniambia nisijali, unaifuata."

Mumewe akatabasamu. "Polepole, mguu mmoja mmoja," akasema.

Wageni wakacheka. Mama Filimbi hakucheka. Kujifungua kamba juu ya barafu! Huyu mtu ana wazimu? Akamsogelea amseme kwa sauti ya chini, mambo ya mke na mume hayasemwi mbele ya wateja, na hapo ndipo harufu ikampiga. Harufu ya jiwe lililokaa majini, ya kisima kilichofunikwa miaka. Mumewe hunuka jasho na sabuni ya kufulia.

"Umempigia simu Chiriku?" akauliza.

"Polepole, tutafika."

"Nakuuliza habari ya mtoto."

"Shika kamba, usitazame chini," akajibu kwa upole uleule, na tabasamu lilelile.

Maneno yote hayo aliyajua. Ndiyo ambayo mumewe huwaambia wageni huko juu, kila siku, mwaka hata mwaka. Hakuna hata moja lililosemwa chini ya mlima.

Mkono ukamshika kiwiko. Alikuwa Shangazi, mama mwenye kibanda, ambaye waongozaji wote walimwita hivyo ingawa hakuwa na undugu na yeyote. Akamvuta mpaka nyuma ya jiko, palipokuwa na majungu na magunia ya mkaa, akamwinamia sikioni.

"Mtazame mdomo," akanong'ona. "Usimkodolee. Mtazame tu mdomo."

Baridi ya pale ziwani haikosi. Bwana harusi alikuwa akiongea na moshi mweupe unamtoka mdomoni. Dada wale wawili wakicheka walitoa mawingu. Mwalimu alikohoa, pumzi ikaonekana. Mbele ya uso wa mumewe hakukuwa na kitu. Kikombe alichowekewa kilikuwa kimeacha kufuka, na juu ya chai kumetanda ngozi nyembamba ya barafu.

Akajikuta amekaa juu ya gunia.

"Changu nilikaa nacho miaka tisa," Shangazi akasema. Hakuwa analia, alikuwa anasema tu, kwa haraka, jicho moja kwenye benchi. "Mume wangu naye alikuwa mkia. Nilimwacha juu nikashuka na hicho. Hakili, hakilali, kinaniitikia tu. Ndugu zake waliniona mie ndiye kichaa. Mwaka wa tisa barafu ikamtema mume wangu kule chini kwenye maji, bado kijana, na mie nimeshaota mvi. Hicho cha nyumbani kikafungua mlango siku hiyohiyo, kikaenda zake."

"Nipige simu kwa waokoaji."

"Utawaambia nini? Mume wangu amepotea? Si yule pale amekaa, kila mtu anamwona!" Shangazi akamtikisa bega. "Sikiliza, mwanangu. Jini la barafu halichukui mtu. Linachukua nafasi yake kwenye hesabu. Likaitikia kabla hujaita, ukafunga. Jua likizama hesabu haifunguki tena. Kirudishe palepale. Usikikatae njiani, kisije kikashtuka. Ukifika pale, sema mmoja amebaki. Kitasema wote. Useme hivyohivyo mpaka mara tatu. Halafu mwite wako kwa jina ambalo mlima ule haujawahi kulisikia."

Mama Filimbi akaelewa sasa wazee waliacha nini kwenye maegesho, na kwa nini.

"Na nikishaliita?"

"Limesikika, basi. Asiitikie tena mtu asiyemwona usoni. Na huo wito wenu, watu wangu, wote mama, uuzike leo. Uwakataze watu wa nyumba yako wote. Umenisikia? Wote."

"Nimesikia, Shangazi."

Akatoka. Akavaa tena meno ya chuma viatuni, akachukua kamba, akakiambia kile kitu kwa sauti aliyojilazimisha iwe ya kawaida, "Nimesahau kulabu zangu juu. Twende mara moja." Kikasimama, kikamfuata. Mwalimu akaguna kwamba mama huyu ana nguvu za farasi.

Ziwa lote walilizunguka watu wakiwasalimu. Watoto walirusha mawe majini, mzee mmoja akamwomba awapige picha yeye na mkewe. Akawapiga, na kile kitu kimesimama nyuma yake kinangoja. Alitamani kumshika yule mzee shati na kulia. Amwambie nini?

Njia ya juu ikawa tupu. Mama Filimbi mbele, hicho nyuma, kama ilivyo kazi. Hakugeuka. Alisikiliza hatua zake mwenyewe zikisaga kokoto, krach, krach, na nyuma yake hakusikia kitu, hata jiwe moja kubingirika, ila ile harufu ya kisima ambayo kila alipopunguza mwendo ilimjia shingoni, na kila alipoongeza mwendo ilikuwa palepale, haikuachwa wala haikuchoka. Akaanza kuomba dua zote alizozijua, zilipokwisha akaanza upya, na katikati ya dua akawaza maneno aliyomwambia mumewe asubuhi ile, kwamba amesahau kufunga bomba la jikoni, hilo tu, ndilo neno la mwisho la ndoa ya miaka kumi na miwili. Machozi yakamtoka yakamgandia mashavuni.

"Shika kamba, usitazame chini," kikasema nyuma yake, kwa sauti ya mumewe.

Hatua ishirini, thelathini.

"Polepole, tutafika," kikasema, na mara hii ile sauti haikuwa ya mumewe, ilikuwa nyembamba kidogo, inajaribu, inapanda na kushuka kama mtu anayetafuta ufunguo unaoingia, na Mama Filimbi akahisi nywele zikimsimama kabla akili haijafika, kwa sababu aliijua sauti iliyokuwa inatafutwa.

"Watu wangu?" kikaita nyuma yake. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Mdomo ukamfunguka wenyewe. Mazoea yana taabu, ndugu zangu! Neno lilifika ulimini, akaling'ata pamoja na ulimi, damu ikamjaa kinywani. Akaendelea kupanda.

Ukungu ulikuwa ungali umelala juu ya barafu, na jua limebakiza kiganja kimoja juu ya vilele, jekundu. Akaufikia ufa. Akaiona pete ya chuma mwambani. Na kando ya pete, imenasa kwenye barafu, kofia ya sufi nyekundu.

Akageuka. Kilisimama hatua tatu kutoka kwake, na uso wa mumewe umekikaa vizuri kabisa, mpaka lile kovu la kidevuni.

"Mmoja amebaki," akasema.

"Wote, mama."

"Si wote. Mmoja amebaki."

"Wote, mama!" Barafu chini ya miguu yao ikalia, mlio mrefu uliotoka mbali ukaja mpaka chini ya nyayo zake, na uso ule ukaendelea kutabasamu huku maji yakianza kuutoka machoni, puani, masikioni, yanatiririka bila kukoma na kufanya barafu kila yalipodondoka, na harufu ya kisima ikajaa hewa yote mpaka akawa anaimeza, anataka kutapika, anataka kukimbia, anataka mama yake mzazi aliyekufa zamani aje amshike mkono.

"Si wote!" akapiga ukelele. "Nasema mmoja amebaki, na ni wangu!"

Halafu akaita. Aliita jina ambalo mumewe alipewa na mama yake, jina la kwenye cheti cha ndoa, analomwitia wakiwa wawili tu, mlango umefungwa. Aliliita mara moja, ukungu ukalipokea. Akaliita tena. Jua lilikuwa uzi mwekundu. Akaliita mara ya tatu kwa sauti iliyokwisha kupasuka, huku amepiga magoti, na kile kitu kimenyoosha shingo kinasikiliza, mdomo wake unafuata umbo la jina.

"Naam."

Ilitoka chini, ndani ya ufa.

Alipoinua macho hakukuwa na mtu, ila ganda la barafu lenye umbo la nyayo mbili.

Mkia alikuwa amekwama kwenye kingo ndani ya ufa, si mbali, urefu wa watu wawili, kifundo kimevunjika. Mama Filimbi akapitisha kamba kwenye pete, akamtupia ncha, akavuta kwa kiuno na kwa mapaja na kwa miaka yote kumi na miwili. Mumewe akasukuma kwa mguu mzima. Alipotokeza juu akamwangukia mkewe, na pumzi yake, nyeupe, ya moto, ikampiga shingoni. Mama Filimbi akalia kwa sauti kama mtoto.

"Nimekuita mpaka koo limekauka," Mkia akanong'ona. "Nikasikia unasema, haya, tushuke. Nikasikia mnaondoka. Nikasema sawa, leo mke wangu ameniacha."

"Nisamehe."

"Bomba nilifunga lakini," akasema, na wakacheka huku wanalia, meno yanagongana.

Hawakulala hospitali ila siku nne. Mkia alirudi nyumbani na mguu kwenye plasta na magongo mawili, na mkewe akamwambia yote, asimfiche. "Usimwitikie mtu usiyemwona usoni. Hata mimi." Akakubali. Mama Filimbi akaivua filimbi, akaacha kazi ya mlima, akapata ya kupanga vitambaa kwa fundi wa mapazia.

Kwa Chiriku mdomo ulimwia mzito. Utamwambia nini mtoto wa miaka sita? Kwamba kuna kitu kina sauti ya mama? Asingelala tena. Kila siku alijiambia kesho. Jioni alipofika langoni alikuwa anaingia kimya, na mtoto anamtokea mlangoni na mdomo umemvimba.

"Mama, mbona siku hizi huniiti?"

"Mchezo umeisha, mwanangu."

"Nani kaumaliza?"

"Kula chakula chako."

Wiki ya saba, siku ya Jumamosi, saa sita mchana, jua limewaka, Mama Filimbi alikuwa jikoni anachambua mchele. Mkia amejilaza chumbani na mguu juu ya mto. Chiriku uani, anawaogesha wanasesere wake kwenye beseni. Hakuna siku iliyokuwa nyeupe kuliko hiyo.

Nje, upande wa lango, mtu akaita jina la mumewe. Lile la mlango uliofungwa.

Mama Filimbi akaangalia mikono yake ndani ya mchele. Midomo yake ilikuwa imefumba. Sauti ilikuwa yake.

Akatupa ungo, akakimbilia chumbani. Mkia alikuwa amekwisha kukaa kitandani, anatafuta magongo, uso bado una usingizi. Mdomo ulikuwa ndiyo kwanza unafunguka. Akamrukia, akamziba kwa kiganja kwa nguvu zote mpaka wakaanguka wote wawili juu ya mto. Macho ya mumewe yakamwuliza, kisha yakaelewa.

Likaitwa tena, kwa mapenzi. Mara ya tatu, kwa kubembeleza. Wakakaa wameshikana, jasho linawatoka, hawapumui. Na harufu ya kisima ikapita dirishani, polepole, ikielekea uani.

Harufu ikapungua. Mama Filimbi akaanza kutoa kiganja.

"Watu wangu?" sauti ikaita nje, kwa furaha, kama zamani.

Akafungua mdomo apige ukelele, lakini vinyayo vidogo vilikuwa vimeshachomoka mbio kwenye saruji, na kicheko cha mtoto aliyengoja wiki saba kimetangulia mbele.

"Wote, mama!"

"Haya," sauti yake mwenyewe ikasema langoni, "tupande."